Kosa la Dawa Huanzia Kabatini

Kosa la dawa wodini kwa kawaida hugunduliwa mwishoni, sindano ikiwa imeshachomwa, na aliyeishika huwa ni muuguzi. Lawama humwangukia yeye. Ukiirudia safari ya dawa hiyo nyuma, hata hivyo, huenda ukamkuta daktari aliyeandika kwa haraka mwishoni mwa zamu, kiwanda kilichofungasha dawa mbili katika ampuli zinazofanana, na mtu aliyezipanga kwenye rafu moja. Hospitali ya Level 5 ya Machakos hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka pembe zote za kaunti, toka Masinga hadi Mwala, pamoja na majeruhi wa ajali za barabarani. Katika wodi zenye shughuli za namna hiyo, kumhimiza muuguzi awe mwangalifu zaidi hakutoshi. Kazi yenyewe inapaswa kupangwa upya, ili kosa liwe gumu kutendeka, na likitendeka linaswe kabla halijamfikia mgonjwa.

Tuchukue gentamisini, dawa inayotumika sana kwa watoto wachanga wenye maambukizi. Mwongozo wa Kenya wa matibabu ya watoto unaelekeza kwamba mtoto aliye katika wiki yake ya kwanza, mwenye kilo 2 au zaidi, apewe miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Mwenye kilo 2.4 anahitaji miligramu 12. Ikiwa ampuli iliyopo ni ile ya mtu mzima, miligramu 80 katika mililita 2, muuguzi anapaswa kuvuta mililita 0.3. Kwenye bomba la mililita 5, vistari vimepishana kwa 0.2, hivyo 0.3 haina kistari chake, anabaki kukisia. Nukta nayo ikiteleza, 0.3 inageuka 3, na mtoto anapata mara kumi ya kipimo chake, cha dawa inayoweza kuharibu figo na kuleta uziwi. Lakini mililita 3 hazitoki katika ampuli moja. Ni lazima ivunjwe ya pili. Hapo pana kengele isiyogharimu chochote. Wodi ikiweka kanuni kwamba hakuna mtoto mchanga anayevunjiwa ampuli ya pili kabla ya mhudumu mwingine kuipiga hesabu upya, kosa hilo linakamatwa papo hapo. Ongeza mabomba ya mililita 1, na jedwali la vipimo kwa uzito lililobandikwa juu ya meza ya dawa, na sehemu kubwa ya hatari imeondoka.

Tangu chuoni wauguzi hukaririshwa mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Orodha hiyo ni njema, ila inataja tunachokitaka bila kusema kitapatikanaje. Mgonjwa sahihi atajulikanaje katika wodi ya Ukambani ambamo Mutua, Mutuku, Mutiso na Mutisya wanaweza kulazwa vitanda vinavyofuatana, na pengine akina Mutua ni wawili? Muuguzi akiuliza, "Wewe ni Mutua?", mzee mwenye homa ataitikia kwa kichwa hata kama hakusikia. Akiuliza, "Mzee, majina yako kamili ni nani?" kisha akalinganisha jibu na nambari ya faili kwenye utepe wa mkononi, swali limefanya kazi yake. Mwanzoni mwa 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mgonjwa alifunguliwa fuvu kwa upasuaji uliokusudiwa mtu mwingine. Halikuwa kosa la dawa, lakini mzizi wake ulikuwa huo huo wa utambulisho, na lilipita wodini na mlangoni mwa chumba cha upasuaji bila kunaswa.

Dawa nyingine zinafaa kuhamishwa kabisa. Potasiamu kloridi nzito ni maji maangavu ndani ya ampuli ya mililita 10, ambayo ni rahisi kuidhania kuwa maji ya sindano. Ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa, moyo unaweza kusimama. Uingereza iliagiza mwaka 2002 ziondolewe katika wodi za kawaida. Muuguzi aliyechoka saa tisa usiku hawezi kuokota kimakosa ampuli ambayo haipo.

Wapo watakaosema kwamba kutazama mpangilio ni kuwapa wazembe maficho. Hoja hiyo ina uzito. Anayekuja kazini amelewa, au anayeghushi karatasi ya matibabu, anastahili adhabu. Lakini wengi wanaokosea ni watu wa bidii waliokatizwa kazi. Utafiti wa mwaka 2010 katika hospitali mbili za Sydney uliwafuatilia wauguzi 98, ukakuta kwamba kila kukatizwa wakati wa kutoa dawa kulihusiana na ongezeko la makosa ya kitabibu la karibu asilimia 13. Adhabu haizuii simu kulia. Inachozuia ni taarifa: muuguzi aliyeona mwenzake akifukuzwa hatasema kwamba jana nusura achome dawa isiyofaa, na rafu iliyomponza itabaki vile vile, ikimngojea wa zamu ijayo.

Pingamizi zito zaidi ni la uchache wa watu na fedha. Hospitali moja ya Boston ilipunguza makosa ya utoaji dawa kwa asilimia 41 kwa mashine za kusoma msimbo wa pau, vifaa ambavyo kaunti nyingi hazitavipata karibuni. Nao ukaguzi wa wauguzi wawili kwa kila dozi hauwezekani usiku ambapo yupo mmoja. Kwa hiyo usitakiwe kwa kila dozi. Utengewe dawa chache zinazoua upesi, kama insulini, potasiamu na hepari, na muuguzi aliye peke yake awe na haki ya kumwita daktari au mfamasia wa zamu ahesabu naye. Kuongeza wauguzi ni deni la serikali za kaunti, ambazo tangu ugatuzi wa 2013 ndizo zinazowaajiri, na deni hilo lidaiwe bila kuchoka. Kununua mabomba ya mililita 1 na kuirudisha potasiamu kwenye chumba cha mfamasia hakuhitaji kungoja ajira hizo.