"Imeua Seli za Saratani Maabara": Maneno Haya Yana Maana Gani kwa Mgonjwa?



Tumepokea maswali kadhaa yanayofanana kutoka Unguja na Pemba, na mengine kwa ndugu zetu walioko Muscat. Aliyeeleza kwa uwazi zaidi ni dada mmoja anayemuuguza mama yake. Mama ana saratani ya titi, daktari amempangia upasuaji na baada yake dawa za kutundikiwa. Katikati ya maandalizi umeingia ujumbe kwenye simu za familia, unasema wataalamu wamethibitisha maabara kuwa habba sauda na manjano vinaua seli za saratani. Wajomba wameshikilia mama atolewe hospitali. Dada anauliza mambo mawili: je, utafiti huo ni wa kweli? Na je, mama akikubali kisu atakuwa ameidharau dawa ya Sunnah?

Utafiti huo upo, na si mmoja. Vyuo vikuu vya nchi nyingi, zikiwemo za Kiislamu, vimechapisha kazi kuhusu mbegu na mizizi hii tunayoitia kwenye mchuzi kila siku. Aliyeandika ujumbe ule hakutunga. Alichofanya ni kuruka daraja refu lililopo baina ya maabara na kitanda cha mgonjwa, na hilo daraja ndilo tunalotaka kulieleza, kwa sababu wasiolijua wanalivuka na mzazi mgongoni.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo zisizoonekana kwa jicho. Seli zikitolewa mwilini na kuwekwa kwenye chombo safi, kwa joto la mwili na maji yenye chakula, zinaweza kuishi kwa muda. Kwa miaka mingi zilikuwa zikifa upesi, mpaka mwaka 1951, hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, zilipochukuliwa seli za saratani ya mlango wa kizazi za mama mmoja mweusi aitwaye Henrietta Lacks. Seli zake hazikufa. Zilijigawa na kuongezeka karibu kila siku moja, zikasambazwa maabara za dunia nzima, na mpaka leo zinatumika kujaribia dawa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Wala hakuombwa ruhusa, na watu wake walikaa zaidi ya miaka 20 bila ya kujua. Tunaitaja habari hii kwa sababu tumewahi kuulizwa kama sharia inaruhusu kutumia seli za binadamu katika utafiti. Asili yake inaruhusika kwa maslahi ya tiba, lakini mwili wa mwanadamu una heshima akiwa hai na akiwa maiti, na ruhusa ya mwenyewe si jambo la kupuuzwa. Waliomfanyia vile mama yule walikosea, hata kama manufaa yaliyotoka humo ni makubwa.

Turudi maabara. Mtafiti huchukua kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo, mara nyingi 96, na kila kishimo hukitia maelfu ya seli. Kisha hutia dawa anayoijaribu: kishimo hiki kidogo, kile zaidi, kile zaidi tena, na vingine haviwekwi kitu ili viwe vya kulinganishia. Baada ya siku moja au mbili hutia rangi ya manjano ambayo seli iliyo hai huigeuza kuwa zambarau. Chombo hupima ukali wa zambarau hiyo, na hapo hujulikana seli ngapi zimebaki hai. Anachotafuta ni kiasi gani cha dawa kimeangusha nusu ya seli. Hiyo ndiyo maana ya "imeua seli za saratani maabara". Ni kazi nzuri na ya lazima, ndio mlango wa kwanza wa dawa nyingi, lakini ni mlango tu.

Angalia, ndugu msomaji: chumvi ya jikoni ikizidi kwenye kishimo kile itaua seli zote za saratani. Siki itaziua. Dawa ya kufulia nguo itaziua kwa dakika chache. Hakuna mwenye akili atakayempa mgonjwa wake dawa ya kufulia. Kuua seli ndani ya chombo ni jambo jepesi. Ugumu ni kuua seli iliyoharibika na kuiacha jirani yake iliyo nzima, tena ndani ya mtu mwenye ini, figo, moyo na damu inayozunguka. Katika kishimo hakuna ini la kuivunja dawa kabla haijafika, wala hakuna utumbo wa kuikataa isiingie.

Manjano ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Ndani yake mna kitu kiitwacho kurkumini, ndicho kinachoipa rangi, na maabara kimeonekana kuzidhuru seli za saratani za aina nyingi. Kipimo cha ukali wa dawa katika maji huitwa maikromola, na watafiti wengi wa kurkumini hutia kwenye vishimo maikromola 10, 20, hata 50. Sasa, katika utafiti mmoja wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2001, watu walimezeshwa kurkumini gramu 8 kwa siku. Hizo ni gramu 8 za kurkumini yenyewe, si za unga wa manjano, na unga una asilimia chache tu za kitu hicho. Pamoja na wingi wote huo, kiwango cha juu kilichopatikana katika damu kwa wastani hakikufika maikromola 2. Sehemu kubwa haiingii mwilini kabisa, na inayoingia ini huibadilisha na kuitoa haraka. Kijiko cha manjano katika maziwa, kwa hivyo, hakifikishi kwenye titi la mama kile kilichomiminwa kwenye kishimo.

Kuna na jambo jengine ambalo hata watafiti liliwachukua muda kulikiri. Kurkumini ina rangi kali, inang'aa chini ya mwanga, inavunjika upesi na inashikana na protini ovyo, kwa hivyo huvihadaa baadhi ya vipimo vyenyewe: chombo husoma kuwa dawa imefanya kazi ilhali ni rangi tu. Mwaka 2017 wanakemia waliipitia kazi yote hiyo katika jarida la Journal of Medicinal Chemistry, wakakuta majaribio ya watu zaidi ya 120, na hakuna hata moja, katika yale yaliyowekewa kundi la kulinganisha bila ya mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini, lililoonyesha kuwa inatibu. Manjano yabaki kwenye pilau na kwenye singo la bibi harusi, hatuna ugomvi nayo.

Habba sauda nayo ina kitu kiitwacho thaimokwinoni, na hali yake inakaribiana. Seli zimeuawa katika vishimo, panya wamepewa, na kwa watu zimefanywa tafiti ndogo ndogo, nyingi kuhusu sukari na mafuta katika damu, baadhi zenye matumaini. Lakini kuwa inaondoa saratani kwa mwanadamu, hilo halijathibitishwa kwa majaribio makubwa ya watu.

Wajomba watasema, basi nyinyi hamzitaki dawa za miti. Sivyo. Kuna ua linalooteshwa katika nyua nyingi za pwani yetu, jeupe au la waridi, lenye petali tano, asili yake Madagascar. Katika miaka ya 1950 watafiti wawili wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, walipelekewa majani yake kutoka Jamaica, ambako watu walikuwa wakiyachemsha kutibu kisukari. Waliwapa panya, sukari haikushuka, bali chembe nyeupe za damu ndizo zilizoanguka. Wangeweza kuyatupa majani yale. Badala yake walijiuliza: kuna saratani ya damu ambayo tabu yake ni hizo chembe nyeupe kuzidi, je? Kwa njia hiyo ikapatikana vinblastini, na baada yake ndugu yake vinkristini, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963.

Namna inavyofanya kazi imejulikana. Seli inapotaka kujigawa hutandaza nyuzi nyembamba za kuvutia kila nusu upande wake. Vinkristini hushika protini ya kutengenezea nyuzi hizo, nyuzi hazisimami, na seli hufia njiani. Leo, katika nchi tajiri, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto wanapona, na vinkristini ni moja katika dawa wanazopewa pamoja. Lakini asikimbilie mtu kuchuma majani ya uani. Hutakiwa mamia ya kilo za majani makavu, na zaidi, kupata gramu moja ya dawa hizi. Majani yenyewe yana sumu. Na vinkristini inayookoa maisha ikitiwa kwenye mshipa huua ikitiwa kwenye uti wa mgongo. Mti ni uleule. Tofauti ni kipimo, njia, na miaka ya kujaribu.

Wala utaratibu huu si wa kigeni kwetu. Ibn Siynaa, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu cha pili cha Qaanuun aliweka masharti ya kuijua nguvu ya dawa kwa majaribio. Alitaka dawa isiwe imebadilishwa na kitu cha nje, ijaribiwe kwa maradhi yasiyochanganyika, uangaliwe muda inaoanza kufanya kazi, na athari yake ijirudie, isiwe imetokea mara moja kwa bahati. Na akasema lazima ijaribiwe kwa mwili wa mwanadamu, kwa kuwa inachomfanyia simba au farasi huenda isimfanyie mtu. Miaka elfu nyuma! Ujumbe wa simu unaotaka tuishie kwenye kishimo cha plastiki unatutaka turudi nyuma ya Ibn Siynaa.

Tukija kwenye swali la pili. Hadithi inayoisifu habba sauda kwa shifaa pana mno imepokelewa na Al-Bukhaariy na Muslim, na tunaiamini bila ya shaka. Lakini tuiamini kama walivyoifahamu wanazuoni. Al-Khattwaabiy amesema lafdhi ya "kila" hapa ni ya jumla iliyokusudiwa baadhi, kwani hakuna mmea mmoja wenye tabia zote zinazokabili maradhi yote. Ibn al-Qayyim naye akaifananisha na maelezo ya Qur-aan kuhusu upepo uliowaangamiza kina 'Aad, kwamba uliangamiza kila kilichokuwa cha kuangamizwa. Wapo walioichukua kwa ujumla wake, kama Ibn Abiy Jamrah. Hata kwa kauli hii, Ibn Hajar anaeleza kuwa hutumika pengine peke yake, pengine ikichanganywa, pengine kwa kuliwa au kwa njia nyengine. Hakuna katika wote hawa aliyesema mwenye habba sauda asiende kwa tabibu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) mwenyewe ametuamrisha tujitibu, akapiga hijama, na akamtuma tabibu kwa Ubayy bin Ka'ab akamkata mshipa. Kisu cha tabibu nacho kimo katika Sunnah.

Ama hukmu ya kuacha matibabu, katika madhehebu yetu ya Shaafi'iy asili ya kujitibu ni Sunnah. Lakini Majma' al-Fiqh al-Islaamiy, katika kikao chake cha saba Jeddah mwaka 1992, iliamua kuwa matibabu huwa waajib ikiwa kuyaacha kutapelekea kifo, kupotea kiungo au ulemavu. Mama ana haki ya kuelezwa na kuamua, kwa kuwa mwili ni wake. Wajomba hawana haki ya kuamua kwa niaba yake na yeye ana akili timamu. Na anayejitia utabibu bila ya kuujua, Hadithi imembebesha dhamana ya atakachokiharibu. Muuza dawa anayemwambia mgonjwa aache hospitali aijue dhamana hiyo.

Khatari yenyewe imepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, waliwafuatilia wagonjwa 281 wenye saratani isiyosambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake, wakawalinganisha na waliotibiwa hospitali. Uwezekano wa kufariki kwa wale wa kwanza ulikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya titi ulizidi mara tano.

Kwa hivyo tunamwambia dada yetu: upasuaji usiahirishwe kwa ajili ya ujumbe ule. Habba sauda ya kutia kwenye mkate au asali, kwa kiasi cha chakula na kwa niya ya Sunnah, mama aendelee nayo, lakini daktari aambiwe. Vidonge na mafuta yaliyokolezwa ni jambo jengine. Madaktari wengi huvisimamisha kabla ya upasuaji kwa kuwa baadhi huzidisha kutoka damu, na vyengine huingiliana na dawa za saratani ndani ya ini. Mgonjwa asifiche kwa kuona haya, na daktari asimkaripie anapotaja. Chupa iliyoandikwa kuwa inatibu saratani iulizwe kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kabla ya kununuliwa. Na wajomba, kama wanataka kusaidia, nauli ya boti kwenda na kurudi Dar es Salaam kwa miezi ya matibabu ni mzigo mzito kwa mtu mmoja.

Na Allaah Anajua zaidi.