Namba ya Mpigaji Si Ushahidi: Sayansi ya Kuzuia Simu za Mashine Nyumbani

Simu ya mezani, ambayo nchini Marekani bado inatumika katika mamilioni ya nyumba na hasa nyumba za wazee, ina udhaifu wa asili: yeyote aijuaye namba yake anaweza kuifanya iite saa yoyote, na mwenye nyumba hawezi kujua kwa hakika ni nani anayepiga mpaka anyanyue mkonga. Udhaifu huo ndio unaotumiwa na simu za mashine, yaani simu zinazopigwa na programu ya kompyuta na kumsomea mpokeaji ujumbe uliorekodiwa kuhusu mkopo, bima au kodi inayodaiwa, ambazo nyingi miongoni mwake ni mitego ya matapeli. Kuzizuia kunawezekana, ila ni lazima kwanza ieleweke kwa nini kinga inayotegemea namba ya mpigaji peke yake hushindwa.

Chanzo cha wingi wa simu hizi ni gharama. Tangu sauti ilipoanza kusafirishwa kwa njia ya intaneti, kompyuta moja inaweza kupiga maelfu ya simu kwa muda mfupi, na kwa kuwa simu isiyopokelewa kwa kawaida haitozwi, tapeli hupata faida hata kama anayenaswa ni mtu mmoja tu kati ya maelfu. Makampuni ya mauzo nayo hutumia mitambo ya kubashiri, ambayo hupiga namba nyingi kuliko idadi ya wahudumu waliopo kwa kutarajia kwamba wengi hawatapokea. Wanapopokea wengi kuliko ilivyotarajiwa, baadhi yao husikia ukimya mtupu, na ndiyo sababu kanuni za Marekani zinataka simu zinazotelekezwa hivyo zisizidi asilimia 3 ya zile zilizopokelewa na watu, na mpokeaji aunganishwe na mhudumu ndani ya sekunde 2 baada ya kumaliza kuitikia.

Ili kuona tatizo lilipo, inafaa kufuatilia kinachotokea ndani ya waya wa shaba. Wakati simu imetulia, kituo cha simu hupeleka katika waya huo umeme wa takriban volti 48 unaokwenda upande mmoja tu. Mtu anapopiga, kituo huongeza umeme wa mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo, wa takriban volti 90 na mizunguko 20 kwa sekunde, ambao huliza kengele kwa sekunde 2 kisha ikanyamaza kwa sekunde 4. Katika ukimya huo wa kwanza, kabla ya mlio wa pili, kituo hutuma namba ya mpigaji kwa sauti mbili zinazopokezana, moja ya hezi 1200 na nyingine ya hezi 2200, kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde, na simu huzigeuza kuwa tarakimu kwenye kioo chake. Kwa hiyo kifaa chochote kilichounganishwa na waya huo hakiwezi kumchuja mpigaji kwa namba yake kabla mlio wa kwanza haujapita.

Kituo hicho, hata hivyo, hakikuthibitisha namba kiliyoituma. Kiliipokea kutoka mtandao mwingine, nao uliipokea kutoka kwa mwingine, mpaka kufikia mtambo wa mpigaji mwenyewe, ambao katika simu za intaneti unaweza kujaza namba yoyote. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2010 inakataza kughushi namba kwa nia ya kulaghai, lakini tapeli aliye nje ya nchi haogopi sheria hiyo, na hupenda kutumia namba inayofanana na za mtaa wa mpokeaji ili adhaniwe kuwa jirani. Orodha ya namba zilizopigwa marufuku, ambayo simu nyingi za kisasa zinayo, hushindwa kwa sababu hiyo hiyo: namba iliyofungiwa leo haitatumika tena kesho.

Sheria za awali zilikuwa na mpaka huo huo. Sheria ya kuwalinda watumiaji wa simu ya mwaka 1991 ilikataza kupiga simu za mauzo zenye sauti iliyorekodiwa katika nyumba za watu bila idhini yao, na mwaka 2003 ikafunguliwa orodha ya kitaifa ambamo mwananchi husajili namba asiyotaka ipigiwe simu za mauzo. Orodha hiyo imewafaa wengi kwa kuwazuia wafanyabiashara wanaotii sheria, lakini haizihusu simu za kisiasa, za misaada na za utafiti wa maoni, wala haimzuii anayepiga kwa lengo la kuiba.

Jibu la kiufundi lilikuja kwa mfumo uitwao STIR/SHAKEN, ambao sheria ya Desemba 2019 iliyataka makampuni ya simu kuutumia, na makampuni makubwa yakapewa hadi tarehe 30 Juni 2021. Katika mfumo huu, kampuni ambako simu inaanzia huambatisha saini ya kidijitali yenye daraja: A ikiwa inamjua mteja na haki yake ya kutumia namba hiyo, B ikiwa inamjua mteja lakini haiwezi kuthibitisha haki hiyo, na C ikiwa imeipokea tu simu kutoka mtandao mwingine. Saini hiyo husafiri katika mitandao ya intaneti, na simu ikipita katika mtambo wa zamani hupotea njiani, hivyo mwenye waya wa shaba ndiye anayefaidika kidogo zaidi.

Njia nyingine ilitokana na shindano lililotangazwa mwaka 2012 na Tume ya Shirikisho ya Biashara kwa zawadi ya dola 50,000, ambalo mmoja wa washindi wake, Aaron Foss, aliunda huduma ya Nomorobo. Huduma hiyo hutumia uwezo wa kuita pamoja: simu inapoingia, huita nyumbani na katika kompyuta ya huduma kwa wakati mmoja, na kompyuta ikitambua dalili za mashine huipokea yenyewe na kuikata, hivyo mwenye nyumba husikia mlio mmoja tu. Hufanya kazi vizuri kwa simu ya mezani inayopitia intaneti, lakini laini nyingi za shaba hazina uwezo huo.

Kwa laini za shaba, kinga imara zaidi ni kifaa kinachowekwa kati ya waya wa ukutani na simu, ambacho hakiulizi nani azuiwe, bali nani aruhusiwe. Namba za ndugu, daktari na majirani huingizwa katika orodha ya ruhusa na kupita moja kwa moja, na mpigaji mwingine yeyote hutakiwa kubonyeza tarakimu fulani au kutaja jina lake kabla simu haijaita, kama mgeni anavyopiga hodi na kujitambulisha kabla ya kukaribishwa. Mashine inayosoma ujumbe uliorekodiwa kwa kawaida haiwezi kujibu, na hata ile yenye sauti iliyotengenezwa kwa akili bandia, ambayo Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano iliamua Februari 2024 kwamba nayo inabanwa na sheria ya 1991, bado humwachia mwenye nyumba uamuzi wa kupokea au kukataa.

Kinga hiyo ina gharama yake, kwani mashine za hospitali, duka la dawa na shule nazo hupiga kwa nia njema, na namba zao zisipoingizwa katika orodha zitafungiwa nje. Familia zenye asili ya Afrika Mashariki zina tahadhari nyingine: simu ya ndugu kutoka Mombasa au Dar es Salaam huweza kufika Marekani bila namba au ikiwa na namba ngeni, kwa hiyo kinga yoyote inayokataa wapigaji wasio na namba inaweza kuwakata wapendwa pamoja na matapeli.

Aliye na mzazi anayeishi peke yake na amsaidie kuijaza orodha ya ruhusa, kisha amweleze mambo mawili: asibonyeze kitufe chochote kinachoahidi kumwondoa katika orodha ya mauzo, kwa kuwa kubonyeza huthibitisha kwamba namba yake ina mtu, na anayedai kupiga kutoka benki akatiwe simu, kisha benki ipigiwe kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi.