Malalamiko Dhidi ya Mwalimu wa Udereva

Gari la kujifunzia hubeba watu wawili, na mmoja wao ndiye anayeamua lini mwenzake yuko tayari kwenda kujaribiwa na trafiki. Mwalimu huchagua njia na saa ya kurudi. Mwanafunzi macho yake yako barabarani na mikono yote miwili ina kazi. Unyanyasaji wa kingono unaotokea humo kwa kawaida hauna shahidi, hivyo chuo kinachodai shahidi ndipo kisikilize kimeshaamua kutosikiliza.

Mahali panapoleta ubishi ni kuguswa. Kazi yenyewe ina mguso wake: gari likielekea mtaroni, mwalimu atadaka usukani au kuvuta breki ya mkono bila kuomba ruhusa, na asipofanya hivyo atakuwa mzembe. Lakini kiganja chake juu ya kiganja cha mwanafunzi kwenye gia, gari likiwa limesimama kwenye foleni, hakifundishi kitu. Gia hufundishwa kwa maneno, injini ikiwa imezimwa. Kumfunga mtu mzima mkanda nako si somo. Kwa hiyo anayepokea lalamiko huuliza gari lilikuwa kwenye mwendo au limesimama, lilikuwa wapi, na mbele yake kulikuwa na nini. Maswali hayo huulizwa mara moja, na mtu mmoja, mwanamke kama mlalamikaji atapenda, na majibu huandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Kumhadithisha upya kwa karani, kisha meneja, kisha mwenye chuo ni kumchosha mpaka aache.

Siku hiyohiyo mwanafunzi hupewa mwalimu mwingine, bila kuongezewa ada wala kupunguziwa masomo. Hatua hii haimhukumu mtu, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mwalimu naye huelezwa analotuhumiwa na kupewa nafasi ya kujibu kwa maandishi, akiwa haendeshi masomo ya wanafunzi peke yake hadi suala liishe. Daftari la zamu, meseji za simu na kumbukumbu za mafuta huhifadhiwa mapema. Somo la saa moja lililochukua saa mbili huonekana humo.

Kwa Tanzania Bara, sheria imelitaja jambo hili waziwazi. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kinahesabu kuwa kosa maneno au vitendo vya kingono visivyotakiwa vya mtu mwenye mamlaka, kazini au mahali pengine popote. Kifungo hakizidi miaka 5, na mahakama inaweza kuamuru fidia. Mwalimu akimwambia mwanafunzi kwamba hatapelekwa kwenye mtihani mpaka "waelewane", hiyo ni rushwa ya ngono, iliyomo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na mlango wake ni TAKUKURU. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto.

Kifungu cha 138D kina ukomo: lalamiko lifikishwe ndani ya siku 60 tangu tukio, au tangu tukio la mwisho kama yalikuwa mfululizo. Hapo ndipo desturi ya "tuyamalize humu humu" inapoumiza. Kikao kikiahirishwa mara mbili tatu, mwenye chuo akisafiri, mwalimu akituma wazee, miezi miwili imekwisha. Chuo makini humweleza mlalamikaji tarehe ya ukomo siku ya kwanza, na uchunguzi wa ndani haumzuii kwenda polisi.

Walimu wengine huandika barua ya kuacha kazi mara tu wanapoitwa. Faili halifungwi kwa barua hiyo. Uchunguzi humalizwa, matokeo huandikwa, na chuo kingine kikija kuulizia mwenendo wake hujibiwa kwa yaliyomo kwenye faili.