Ubongo Usiojihisi

Mkazi wa Makongeni, mjini Thika, anaweza kuweka kidole kwenye kifundo cha mkono akahesabu mapigo ya moyo wake, lakini hana njia kama hiyo ya kujua kinachopita kichwani, kwa kuwa ubongo, ingawa ndio unaotambua maumivu ya mwili mzima, wenyewe hauhisi hata ukiguswa. Umeme wake hafifu ulirekodiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, aliyeyaeleza mawimbi ya alfa, yaani yale yanayopanda na kushuka takriban mara 8 hadi 13 kwa sekunde na kuongezeka mtu anapofumba macho na kutulia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Joe Kamiya alitaka kujua kama mtu anaweza kuyatambua mawimbi hayo mwenyewe. Mshiriki alibandikwa elektrodi, yaani vipande vya metali vinavyonasa umeme kwenye ngozi ya kichwa, na kila kengele ilipolia alikisia kama alfa ipo au haipo, kisha akaambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. Mwanzoni ilikuwa bahati nasibu; baada ya vikao kadhaa baadhi ya washiriki walipatia mara nyingi mno, na baadaye wakaweza kuyaleta na kuyazima kwa hiari, ingawa kueleza walivyofanya kuliwashinda. Kilichowafunza, basi, hakikuwa kujichunguza kwa bidii bali mrejesho, yaani taarifa ya haraka kutoka nje kuhusu hali ya ndani.

Kanuni hiyohiyo inagusa vifaa vinavyoendeshwa kwa ishara za ubongo, kama mkono wa roboti uliobuniwa na David Gathu na mwenzake huko Kiambu, kaunti ulimo mji wa Thika: mkono ukisogea au ukikataa, mtumiaji amekwisha kupata jibu.

Mrejesho huo unapotumiwa kama tiba, hata hivyo, tahadhari inahitajika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu watoto wenye tatizo la umakini na utulivu, uliwapa baadhi yao mrejesho wa kweli wa mawimbi ya ubongo wao na wengine mrejesho wa bandia bila wao wala wazazi kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa, hivyo haikuwezekana kusema kwamba kilichosaidia ni mrejesho wa mawimbi yenyewe, na si vikao vingi vya kuketi na mtu mzima anayemjali mtoto.