Sakoshi za kando kwenye pikipiki: namna ya kuzifunga zisimezwe na gurudumu

Kamina iko kwenye njia panda ya reli. Treni ya Lubumbashi inapita hapa kwenda Ilebo, na njia nyingine inakata kwenda Kabalo mpaka Kalemie. Lakini reli haifiki mlangoni mwa mtu. Toka kituo cha treni mpaka kartie, ao toka mjini kwenda vijiji vya upande wa Kabongo na Kaniama, mzigo unapanda pikipiki: mahindi, unga wa mihogo, samaki wakavu wa Bukama, bidoni za mawese. Mara nyingi vyote vinarundikwa nyuma ya kiti na kukazwa na mipira iliyokatwa ndani ya tyubu ya zamani, mpaka rundo linapita kichwa cha motari.

Kuna namna ingine: sakoshi. Ni mifuko miwili ya bashi ao ya kitambaa kigumu, iliyounganishwa na mikanda inayopita juu ya kiti. Mmoja unaning'inia kushoto, mwingine kuume. Faida yake si urembo. Mzigo ukikaa juu sana, pikipiki inavutwa kila mara inapokata kona. Ukikaa nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kuchezacheza, zaidi kwenye mchanga. Sakoshi zinashusha uzito ule ule chini na kuuleta karibu na mwendeshaji. Kilo 20 ndani ya sakoshi na kilo 20 juu ya rundo si mzigo mmoja kwa yule anayeshika usukani.

Shida ni kwamba sakoshi ni kitu laini. Sanduku la chuma linabaki na umbo lake. Mfuko unalegea, unapepea, unaingia ndani. Kitambaa kikigusa njiti za gurudumu la nyuma, gurudumu linavuta mkanda, linavuta mfuko, kisha linajifunga ghafula. Mtu anayeenda kilometa 40 kwa saa hana tena nafasi ya kufanya kitu. Ndiyo sababu kazi ya kwanza haiko kwa mshonaji, iko kwa fundi wa kuchomelea chuma.

Fundi anatengeneza viunzi viwili vya ferabeto ya milimita 8 ao 10, kama ngazi ndogo, kimoja kila upande, vya kusimama kati ya mfuko na gurudumu. Vichomelewe chini, mbali na pikipiki, kwa sababu kuchomelea karibu na tanki ya esanse ni kutafuta moto. Kisha vinafungwa kwa buloni kwenye chasi: juu pale portibagaji inaposhikwa, na chini karibu na kikanyagio cha abiria. Hapa inafaa kuangalia vizuri. Kwenye pikipiki zingine kikanyagio hicho kimeshikwa na mkono wa gurudumu la nyuma, ile chuma ndefu inayopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Kiunzi kikifungwa pale, kila shimo la barabara litakivuta mpaka buloni ilegee ao chuma ikatike. Itafutwe sehemu ingine isiyocheza.

Upande wa kuume, kwa pikipiki nyingi, kuna bomba la moshi. Magunia ya plastiki, yale ya mchele na sukari, yanayeyuka kwenye joto la digri 160 hivi, na bomba likiwa limefanya kazi linaweza kupita hapo. Kipande cha bati kinatosha, lakini kisigusane na bomba wala na mfuko: vidole viwili vya hewa kila upande. Bati iliyolala juu ya bomba haizuii joto, inalipitisha tu.

Sasa mikanda. Miwili inapita juu ya kiti, mmoja unavuta mfuko mbele ili usirudi nyuma, mwingine unaukaza chini kwenye kiunzi. Mipira ya tyubu ni mizuri kwa kusaidia, sababu inaendelea kuvuta hata unga ukishuka ndani ya gunia, lakini isiachiwe kazi yote peke yake, inanyooka. Mkia wa mkanda unaobaki baada ya kufunga ndio wa kuogopwa zaidi kuliko mfuko wenyewe. Uviringwe na kufungwa, usiachwe kucheza kwenye upepo karibu na sheni.

Kabla ya kutoka, mifuko ijazwe, watu wawili wakae juu na kurukaruka kidogo, na mtu wa tatu ainame aangalie. Kati ya kitambaa na kila kitu kinachozunguka, ngumi ya mtu ipite. Pande mbili zilingane pia. Wengine wanaweka fimbo begani na mfuko kila upande, kama mizani, inatosha.

Kuhusu kilo, mfuko kuwa na nafasi hakumaanishi pikipiki ina nguvu. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 mpaka 125, kitabu chake kinaonyesha uzito wote wa kubeba wa kilo 130 mpaka 150 hivi, watu wakiwa ndani ya hesabu. Motari wa kilo 65 na mama wa kilo 60 tayari ni 125. Bidoni moja ya lita 20 ya mawese ina kilo 18 hivi. Ya pili, kwenye safari hiyo, ingoje. Na kama mifuko imefunika vikanyagio vya abiria, basi hakuna abiria: miguu inayoning'inia inaishia kwenye njiti.

Wenye skuta wana hesabu yao. Mara nyingi injini ya skuta inapanda na kushuka pamoja na gurudumu, bomba la moshi nalo, kwa hiyo mfuko ulio mbali pikipiki ikisimama unaweza kuguswa kwenye shimo. Mkanda ukipita juu ya kiti, kiti hakifunguki, na kwa skuta nyingi tanki iko chini yake. Upande wa kushoto kuna tundu la hewa ya kupoza mkanda wa injini, lisizibwe. Ganda la plastiki halibebi kitu. Nguo, mikate, ndiyo. Mahindi, hapana.

Baada ya kilometa mbili ao tatu za kwanza, motari asimame hata kama mteja anaharaka. Unga umeshuka, mikanda imelegea, ikazwe tena. Na mkono uingie nyuma ya mfuko wa kuume: ukikuta joto lisiloshikika, bati isogezwe pale pale.