Safu moja ya jedwali yaweza kupotosha zabuni ya korosho

WANUNUZI wa korosho na ufuta wa Kibiti wanaotumia programu za kompyuta kuchambua bei wanashauriwa kukagua majedwali yao kabla ya kuingia mnadani. Kosa dogo katika safu moja laweza kula mtaji, na kompyuta isitoe onyo lolote.

Programu kama Power BI na Metabase hutoa jumla, wastani na mwenendo wa bei kwa muda mfupi. Lakini programu haijui korosho wala Mto Rufiji. Inajua tu ilichoambiwa kuhusu kila safu: hii ni namba, hii ni tarehe, hii ni jina.

Umuhimu wa jambo hili umeongezeka kwa kuwa mazao mengi ya mkoa wa Pwani huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo uliowekewa sheria mwaka 2005. Msimu wa 2024/25 minada ya korosho iliingizwa katika mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnunuzi huamua bei yake kwa takwimu, tena kwa haraka.

Bei haijumlishwi

Power BI kwa kawaida hujumlisha yenyewe safu ya namba. Kwa kilo ni sawa. Kwa bei si sawa. Sh 3,000 na Sh 2,600 zikijumlishwa huwa Sh 5,600, na kila mfanyabiashara ataona hapo pana kosa. Hatari zaidi ni wastani, kwa sababu hufanana na ukweli.

Tuseme mnada umeuza tani 10 kwa Sh 3,000 kwa kilo, na tani 90 kwa Sh 2,600. Wastani wa bei hizo mbili ni Sh 2,800. Lakini fedha zote, Sh milioni 264, zikigawanywa kwa kilo 100,000, bei halisi ni Sh 2,640. Anayefuata wastani wa kwanza amezidisha Sh 160 kwa kilo. Kwa tani 100 hiyo ni Sh milioni 16.

Dawa yake ni kuizuia safu ya bei isijumlishwe na kuongeza safu ya thamani, yaani bei mara kilo. Wastani upatikane kwa kugawanya jumla ya thamani kwa jumla ya kilo. Daraja la korosho nalo liwe na safu yake, ili bei ya daraja la kwanza isichanganywe na ya daraja la pili.

Tarehe, wilaya na vipimo

Tarehe 5/11/2024 nchini ni Novemba 5. Programu iliyowekwa kwa utaratibu wa Marekani huisoma kuwa Mei 11, na mauzo ya korosho yataonekana wakati wanunuzi wanajiandaa kwa ufuta. Tarehe 25/11 haitasomeka kabisa, maana hakuna mwezi wa 25. Aidha, msimu wa korosho huvuka mwaka, hivyo uwe na safu yake.

Awali Kibiti ilikuwa ndani ya Wilaya ya Rufiji. Anayelinganisha takwimu za zamani na za sasa bila kuligusa hilo atadhani mavuno ya Rufiji yameporomoka. Inafaa kuwa na safu ya eneo inayoziweka wilaya hizo mbili pamoja.

Kwa wanaonunua mpunga, kamba na kaa wa delta, kila mstari uonyeshe kipimo: kilo, debe au gunia. Gunia la lumbesa si sawa na gunia la kawaida. Vyote vigeuzwe kuwa kilo kabla ya kulinganishwa.

Namba za stakabadhi na za simu ziwekwe kama maandishi. Zikisomwa kama namba, sifuri ya mwanzo hupotea, na jedwali la mauzo halitaoana tena na la ghala.

Kuficha si kufunga

Safu zisizohitajika zaweza kufichwa ili ripoti isomeke kwa urahisi. Hata hivyo, kuficha si ulinzi. Mwenye ruhusa ya kutosha aweza kuzifikia. Simu za wakulima na bei ya juu ambayo mnunuzi yuko tayari kulipa zisiwekwe kabisa katika jedwali linalotumwa kwa wengine.

Mwisho, mabadiliko ya mpangilio yafanywe na mtu mmoja na yaandikwe daftarini. Kabla ya kuiamini ripoti, uchukuliwe mnada mmoja uliokwisha na kilo zake zilinganishwe na stakabadhi za ghala. Hesabu zisipooana, zabuni isubiri.