Mwanafunzi mwenye dodoso mpakani: mwulize majibu yatarudi lini

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapofunga na wanafunzi kutawanyika kwenda fildi, mipakani kwetu huonekana vijana wa aina moja. Begi mgongoni, karatasi mkononi, barua yenye muhuri wa chuo ndani ya bahasha ambayo imeshaanza kuchakaa. Utawakuta Namanga karibu na wabadilisha fedha, Mutukula kwenye maghala ya nafaka, Busia penye msongamano wa baiskeli na mikokoteni. Huanza na salamu ndefu, kisha maswali yanafuata: una mtaji kiasi gani? Unavuka mara ngapi kwa wiki? Umewahi kupita njia za panya?

Kwa mfanyabiashara, maswali ya namna hiyo yananuka kodi. Wengi humjibu kijana nusu nusu. Mtaji unapunguzwa, safari zinapunguzwa, na njia za panya hakuna aliyewahi hata kuzisikia. Kijana anashukuru, anahamia meza ya pili, na mambo yanaishia hapo.

Ukweli ni kwamba kijana yule si ofisa wa mapato, na alichoandika hakiendi kwa ofisa wa mapato. Shida ni kwamba mara nyingi hakiendi kwa mtu yeyote.

Ripoti inayolala kabatini

Katika vyuo vikuu vingi vya ukanda huu, mwanafunzi wa shahada ya kwanza hamalizi masomo bila kufanya utafiti wake mwenyewe. Wapo wanaouita tasnifu, wapo wanaouita mradi wa utafiti. Kwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, unajulikana kama mradi maalumu. Mwanafunzi huchagua mada, hupewa msimamizi, huandika pendekezo, huenda uwandani, hurudi na kuandika sura zake, mara nyingi tano. Msimamizi anasoma, alama zinatolewa, nakala moja inabaki idarani.

Na imeandikwa kwa Kiingereza. Mama aliyeacha kreti zake za nyanya juani ili amjibu kijana kwa nusu saa, hata akiipata ripoti yenyewe, huenda asiweze kuisoma. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. Mahojiano mengi ya mpakani hufanyika kwa Kiswahili. Majibu yakishavuka kuingia chuoni, hubadili lugha na hayarudi tena.

Sisemi kazi hizi zote ni dhahabu. Zipo zinazonakiliana, dodoso la Namanga likabadilishwa jina la mpaka na kuwa la Holili. Lakini kuna jambo moja ambalo mwanafunzi analo na ofisa hana, nalo ni muda. Shirika la Takwimu la Uganda pamoja na Benki Kuu ya nchi hiyo huweka watu mipakani kuhesabu bidhaa zinazovuka bila karatasi, kwa sababu vitabu vya forodha haviwezi kuona kikapu cha dagaa kilichobebwa kichwani. Hesabu hiyo ni muhimu, maana bila hiyo biashara ndogo ingeonekana haipo kabisa. Ila hesabu inakwambia vikapu vingapi vilipita. Haikwambii kwa nini mwenye kikapu alipita kichakani wakati geti liko mita mia mbili kutoka hapo.

Chukua utaratibu rahisi wa biashara. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasilia palepale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Utaratibu uko wazi. Hata hivyo wapo wanaoukwepa. Ni kwa sababu ya vibali vingine vinavyobaki palepale, vya afya ya mimea na viwango? Ni fomu? Ni namna ofisa anavyomsemesha mtu mwenye kanga na ndala? Au ni kwamba bodaboda wa porini anakufikisha sokoni saa nane mchana wakati foleni itakufikisha saa kumi, bei ikiwa imeshaanguka? Majibu haya hayapatikani kwa kukaa Arusha kwenye mkutano. Yanahitaji mtu akae mpakani majuma matatu, aonekane kila siku, azoeleke, mpaka watu waache kumdanganya.

Mahindi ya Machi 2021

Kwa anayedhani haya ni mambo ya wasomi, akumbuke Machi 2021. Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yaliyokuwa njiani yakakwama. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Mwaka 2004, watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu hizo 10 kwa bilioni, na unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5. Namba ya pili ndiyo yenye mkate wa mfanyabiashara, kwa sababu kuvu hustawi palipo na unyevu na joto, na akishaweka sumu yake huioni kwa macho wala huitoi kwa kupepeta.

Kuna na ugumu mwingine. Sumu hii haisambai sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi, na punje za jirani zikawa safi. Kwa hiyo namna ofisa anavyochota sampuli, magunia mangapi na kutoka sehemu zipi za lori, inaweza kulipitisha lori hilo au kulirudisha. Mfanyabiashara anayeujua ukweli huo ana haki ya kuuliza sampuli yake ilichukuliwaje. Asiyeujua atasema ameonewa, au atatafuta wa kumhonga.

Sasa weka swali la mpakani juu ya meza ya chuo. Mahindi yamepakiwa Kibaigwa yakiwa na unyevu wa asilimia 13. Yamefunikwa turubai, mvua imenyesha njiani, lori limekaa foleni siku tatu. Yanashushwa yakiwa na unyevu kiasi gani? Gunia la katikati na la pembeni, ni lipi linaathirika zaidi? Mfuko wa plastiki usiopitisha hewa unasaidia kiasi gani safarini, ukiacha ghalani? Kwa mwanafunzi wa sayansi ya chakula, kazi hiyo ni ya kipima unyevu na majuma machache ya uvumilivu. Vipimo vya sumu yenyewe vinahitaji maabara, na maabara iko chuoni. Hakuna mwenye malori asiyetaka jibu hilo. Anayekosekana ni wa kulipeleka swali kwa mwanafunzi kabla hajachagua mada.

Serikali za wanafunzi na ukumbi wenye wasikilizaji

Hapo ndipo serikali za wanafunzi zinapoingia, ingawa nyingi hazijajua kwamba zina nafasi hiyo.

Ukanda huu una historia yake. Kuanzia 1963 hadi 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kijana wa Uganda aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, wa Tanganyika aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, na uhandisi ulikuwa Nairobi. Huko Mlimani, mwaka 1967, wanafunzi waliunda umoja wao wa kimapinduzi, mwenyekiti akiwa mwanafunzi kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Waliendesha mihadhara, wakatoa jarida lao, Cheche, na baadhi yao wakavuka kwenda maeneo ya Msumbiji yaliyokuwa yamekombolewa na FRELIMO. Museveni aliyoyaona huko aliyatumia katika utafiti wake wa shahada ya kwanza, akipima mawazo ya Frantz Fanon juu ya vita vya ukombozi. Mwaka 1971 kazi hiyo ikatoka katika kitabu cha insha kilichochapishwa Dar es Salaam.

Fanon hatakusaidia kuuza vitunguu. Ninachokitazama ni njia ambayo kazi ile ilipita: wanafunzi walijadiliana ukumbini, mmoja akavuka mpaka kwenda kuangalia, akaandika, kisha wengine wakasoma. Leo hatua hizo zote zipo isipokuwa ile ya mwisho.

Majukwaa hayakosekani. Sekretarieti ya Jumuiya imekuwa ikiandaa midahalo ya wanafunzi wa vyuo vikuu kuhusu mtangamano, na washindi huwa mabalozi vijana wa Jumuiya katika nchi zao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Wiki ya Utafiti na Ubunifu. Makerere kampeni za serikali ya wanafunzi, Guild kama wanavyoiita, zimewahi kutikisa chuo kizima. Tangu Mei 2017 wakuu wa nchi wametangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu, kazi inayosimamiwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala.

Lakini msikilize mwanafunzi kwenye mdahalo. Atazungumzia sarafu moja kwa ufasaha wa kupendeza. Itifaki ya sarafu hiyo ilisainiwa Novemba 2013, lengo likiwa 2024, na sasa tarehe imesogezwa hadi 2031. Atazungumzia shirikisho la kisiasa. Dola 2,000 za utaratibu rahisi, ambazo zinamgusa mtu aliye kwenye foleni leo asubuhi, hutazisikia mara nyingi. Simlaumu kijana, kwani mada hupangwa na watu wazima. Ila serikali ya wanafunzi inapanga ratiba zake yenyewe. Inayoweza kupata bajeti ya tamasha la kumkaribisha mwaka wa kwanza inaweza kupata alasiri moja ya waliorudi kutoka mipakani, dakika kumi kila mmoja, kwa Kiswahili, huku viti vya mbele wamekaa viongozi wa vyama vya wafanyabiashara na ofisa mmoja wa forodha wa kuulizwa maswali.

Cha kufanya mwanafunzi akija

Mwombe barua ya utambulisho ya chuo. Kama ametoka nchi nyingine, anatakiwa awe na kibali cha utafiti cha nchi aliyomo: Tanzania hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Kenya ni NACOSTI, Uganda ni baraza lao la sayansi na teknolojia. Dodoso la heshima halina sehemu ya kuandika jina lako, na una haki ya kuruka swali usilolitaka au kuacha katikati. Akikosa barua, au akitaka namba yako ya mlipa kodi, mwage kwa adabu.

Akiwa na vyote, mjibu kweli. Mtaji uliopunguzwa nusu kwenye dodoso hamsini utatoa ripoti inayosema mpakani hakuna biashara ya kujengea soko wala choo.

Kisha mwambie sharti lako: ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye aliyoyakuta, utumwe kwa katibu wa chama chenu au kwenye kundi lenu la WhatsApp kabla hajahitimu. Aandike ahadi hiyo kwenye pendekezo lake ili msimamizi aione. Chama chenye nguvu kidogo kisisubiri kuulizwa. Kiandike idarani, biashara, uchumi au sayansi ya chakula, kikitaja maswali matatu ambayo wanachama wanataka yajibiwe, na nakala iende kwa serikali ya wanafunzi. Barua hiyo iandikwe upya kila mwaka, maana viongozi wa wanafunzi hubadilika kila mwaka, na aliyekuahidi jana kesho anatafuta kazi.

Limebaki la fedha. Nchini Tanzania, Bodi ya Mikopo huwapa wanufaika wake fedha za mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi ni mnufaika, na fedha yenyewe ikilipa nauli, chumba na chakula huwa imekwisha. Ndiyo maana mwanafunzi hutafiti pale alipo na ndugu. Mwenye mjomba Namanga atafiti Namanga, mwenye shangazi Sirari atafiti Sirari. Rusumo na Kabanga, ambako malori ya kwenda Kigali na Bujumbura hupita usiku na mchana, si kila mtu ana mjomba. Chama cha wafanyabiashara cha huko kikimpatia mwanafunzi mmoja godoro kwa majuma matatu, na mama lishe akakubali kumwandikia kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi, kijana atapanda basi.